Sengu ya Mtekaji

Tulimzika Gaudensi siku ya Jumanne, na mvua ikatuheshimu mpaka tulipomaliza kufukia. Nilihesabu wazee wa enzi zetu waliofika nikapata saba. Nilipohesabu tena nikapata sita, kwa kuwa mmoja alikuwa mtoto wa mwenzetu, mvi zimemwota mapema. Baada ya chakula mjane wake, Skolastika, aliniita kibarazani, akanionyesha wajukuu wake watatu waliokaa mkekani na simu zao, akasema wamekataa kusadiki kwamba babu yao nusura anyimwe mke kwa sababu ya picha ya video. "Waambie wewe, Shabani. Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni, nilisikia tu." Nikawaambia kwa mdomo, wakacheka mahali pasipo pa kucheka na wakanyamaza mahali pa kucheka. Kwa hiyo naandika. Habari za nani alimzaa nani, na jinsi baba yangu alivyopanda kutoka pwani na gunia la chumvi, nitaziruka. Zinafanana na za kila mwenye duka Mbinga, na sijapata kuona mtu akinunua kitu kwa sababu ya kuzisikia.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milimani na magari yao. Ghafla kila mtu akawa na ruksa ya kumuuzia yeyote chochote. Mimi niliuza mitumba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na ulimi uliozidi umri huo kwa mbali. Televisheni, deki na jenereta nilivipata kwa mnunuzi mmoja wa kahawa aliyefilisika msimu ukiwa bado mbichi; mapatano yalichukua siku tatu na nusu, na siku ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa akininunulia mimi chai. Banda letu lilikuwa ghala la zamani la kahawa nyuma ya soko. Madirisha tuliyaziba kwa magunia ili mchana uwe giza, na humo ndani kulinuka maganda ya kahawa, jasho na maandazi ya moto. Mabenchi yalikuwa kumi na mawili, lakini moja lilikuwa na mguu mbovu, hivyo nasema kumi na moja. Watu walikuja Jumapili baada ya misa ya pili, wengine bado na vitabu vya nyimbo mkononi.

Hawakuja kwa ajili ya picha, ingawa nilichelewa kulitambua hilo. Walimfuata Gaudensi. Alikuwa ameacha seminari ndogo baada ya miaka mitatu, akarudi na Kilatini cha kuimbia na Kiingereza ambacho siku moja nilikihesabu neno kwa neno, hakikufika mia mbili. Kwa mtaji huo akawa mkalimani wangu. Alikaa juu ya kreti la soda kushoto kwa televisheni, kipaza sauti mkononi, akawasemea wote: stelingi, adui, polisi, mama mzazi, hata mbwa. Watu wa Ulaya wakipigana aliwafanya waulizane kwanza habari za nyumbani. Mtu akipigwa risasi aliita shangazi yake kwa Kimatengo. Tulipanga chumba kimoja cha nyuma, tukala ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani, katika bakuli moja, na alikuwa na tabia ya kujaribu sauti huku akitafuna, hivyo jirani aliyepita dirishani alidhani tuko sita na akashangaa tunavyoweza kushiba. Mpaka leo nikisikia mtu anaongea na chakula mdomoni nageuka nikidhani ni yeye. Ajabu ni kwamba nje ya kreti lile alikuwa mtu wa maneno machache mno. Akienda dukani kununua chumvi, aliinyooshea kidole.

Skolastika alikaa benchi la tatu pamoja na wenzake wa kwaya. Wengine walicheka papo hapo. Yeye alingoja kidogo, kama mtu anayekagua shilingi, ndipo akacheka. Gaudensi akaanza kuzisubiri sekunde zile. Siku moja akaniambia nimwendee baba wa binti, Mzee Meinradi wa kijiji cha Mapera, niwe mshenga. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mwislamu, tena Mswahili wa mitumba. Akasema Mapera wote wananijua kwa ulimi, dini watanisamehe. Nilikwenda mara mbili, mara zote mbili nikalishwa vizuri, na mara ya pili Mzee Meinradi alinionyesha shamba lake la ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa mlimani kama sega la nyuki, jambo ambalo mtu hamfanyii mgeni anayetaka kumfukuza. Kulikuwa na mposaji mwingine, karani wa mizani ya kahawa, mwenye baiskeli mpya. Lakini sisi tulikuwa mbele. Lilibaki neno la sengu. Kwa asiyejua: wanaume wa ukoo mmoja wa Kimatengo hula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, kila nyumba ikileta chungu chake, na hapo kwenye kula ndipo mambo yanapoamuliwa, nani mvivu, nani apewe shamba, nani aozwe. Sengu ikikataa, hata baba mzazi hana la kufanya.

Basi ndipo ikaja ile kaseti. Niliinunua kwa utingo wa lori la Songea, haina jalada, jina limekwanguliwa. Aliniapia kuwa ni ya ngumi. Haikuwa na ngumi hata moja. Mwanamume anamteka nesi kituo cha basi, anamfungia katika chumba chini ya nyumba yake, na kila mlango unapofunguliwa anaingia mtu mwingine: fundi cherehani mwenye tepu shingoni, mwanajeshi, mama wa shali anayelialia, kijana mwenye kigugumizi, na mzee wa mwendo wa polepole. Gaudensi aliitazama mara moja tu, kwa sababu petroli ilikuwa haba, akaamua kwamba hao ni ndugu watano, mapacha. Jumapili watu wakavumilia nusu saa. Halafu mama mmoja muuza ndizi akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbona ndugu hawa hawajaonekana hata siku moja wakila pamoja. Huku milimani hilo si swali dogo. Gaudensi akajibu ndani ya kipaza sauti kwamba wamegombea mashamba. Watu wakaguna. Picha ilipoisha, bila hao watano kukutana popote, walitoka wakitutazama kama watu waliouziwa debe la mahindi lenye mawe chini.

Tuliirudia wenyewe. Mimi sina mazoea ya kumtazama mtu usoni, uso unadanganya bei, natazama mikono. Yule fundi alikuwa na kovu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanajeshi naye alikuwa nalo. Mama wa shali naye. Nikahesabu watano, makovu matano, mahali palepale. Nikamwambia, bwana, huyu ni mtu mmoja. Gaudensi aliweka chini kichwa cha usipa alichokuwa akikinyonya. "Mmoja? Na wote hawa?" Siku hizi wajukuu wananiambia ugonjwa ule una jina hospitalini, na ukibonyeza simu unalipata. Sisi tulikuwa na Jumapili moja mbele yetu na watu wanaotaka maelezo. Akisema ni mashetani, paroko angesikia kabla ya kengele ya jioni. Akisema ni wazimu, watu wangekwenda zao, maana mwendawazimu huku anahurumiwa, halipiwi kiingilio. Gaudensi alikula usipa waliobaki, mmoja mmoja, kisha akanawa mikono akasema, "Ni sengu."

Jumapili iliyofuata alieleza mwanzoni, kabla sijabonyeza deki. Ndani ya mtu huyu, akasema, mna ukoo mzima. Wamekaa, chungu kiko katikati, wanajadili wamfanyeje binti wa watu. Aliyepewa neno ndiye anayesimama na kufungua mlango. Nikasikia mabenchi yakilia kwa watu kusogea mbele. Walielewa kuliko hata waliotengeneza picha. Mwanajeshi alipoingia kwa kishindo, mzee mmoja wa benchi la nyuma alimwambia akae chini, hajapewa neno. Yule wa kigugumizi wakamhurumia, wakasema watoto wa mwisho huwa hawasikilizwi. Na yule mzee wa mwendo wa polepole, kila alipoonekana, wanaume walitoa kofia. Mimi nilidhani wanamheshimu kwa mvi zake. Sikujua kwamba wameitambua sauti. Gaudensi alihitaji sauti ya mzee ambaye akisema wengine wananyamaza, na katika maisha yake alikuwa amemsikia mmoja tu: marehemu Mzee Winfridi wa Mapera, babu yake Skolastika, aliyefariki miaka miwili kabla. Alikohoa mara mbili kama yeye, akavuta pumzi kama yeye, akasema kama alivyokuwa akisema yeye: "Polepole, wanangu. Neno halina miguu, halitatukimbia." Nimejiuliza mara nyingi, ningejua ningemkataza? Huenda ningemkataza. Huenda ningepandisha kiingilio.

Sifa zikateremka mpaka ziwani, nasi tukazifuata kwa pikapu ya wachuuzi wa samaki. Huko Mbaha tulipewa darasa la shule, tukaziba madirisha kwa mikeka, na nje usipa walikuwa wametandazwa juani wakinuka kiasi cha mtu kushiba bila kula. Benchi la mbele alikaa mjomba wa Skolastika, ndugu wa mama yake, mvuvi aliyeoa huko. Ilikuwa mchana mweupe. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Katika picha ile kuna mahali mzee analeta kamba, anakaa palepale alipokuwa amekaa mwanajeshi, anaonekana kukubali nesi afungwe. Ni hila. Mwishoni kamba hiyohiyo ndiyo anayomteremshia nesi dirishani aende zake, na Gaudensi alipafanya pale pawe patamu kwa kumpa mzee maneno makali katikati, ili huruma ije baadaye. Sauti ya Mzee Winfridi ikakohoa mara mbili, ikasema, "Mfungeni. Mfungeni vizuri." Na jenereta ikazima. Nilikuwa nimepata petroli kwa bei nzuri, na bei nzuri ya petroli ina maana moja tu: maji. Nilivuta kamba ya mashine mpaka bega likaniuma. Tukasimama mlangoni kuwasimulia watu mwisho wake, lakini mitumbwi ilikuwa imeingia na wote walikuwa wameshakimbilia samaki. Mjomba aliondoka bila kuaga. Siku ya nne alipanda Mapera na kapu la samaki wakavu, akawaambia alichokisikia.

Mzee Meinradi alituma neno kwamba anatuhitaji Jumamosi saa ya chakula. Mimi, na Gaudensi, "na hao wenzake wote alionao." Karani wa mizani, tuliambiwa njiani na watu wenye furaha ya kutuambia, alikuwa ameitwa aje kesho yake, Jumapili. Gaudensi alitembea kutoka Mbinga bila kusema neno, na mimi nikasema ya wote wawili. Nilimpangia hoja tano. Akaniuliza jambo moja tu: Skolastika amesikia? Nikamwambia Mapera nzima imesikia, kwa nini yeye asisikie. Sikuwa na akili ya kumfariji mtu wakati ule. Nilikuwa na akili ya mapatano, na nilidhani ni kitu kimoja.

Wanaume walikuwa wanane kwenye vigoda, vyungu vya maharage katikati, ugali umefunikwa. Tukawaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba kwa sauti za watu wanaolipa deni wasilopenda. Jikoni palikuwa ng'ambo ya uwanja mdogo, mlango wazi, na kizingitini alikaa Bibi Kolumba, mjane wa Mzee Winfridi, akichambua maharage ya kesho. Nyuma yake niliona kanga ya Skolastika, sikumwona mwenyewe. Hakuna aliyefunua ugali.

"Kijana," Mzee Meinradi akamwambia Gaudensi, "tunataka kujua tunamwoza nani. Shemeji yangu anasema mko watano. Na mmoja wenu ni baba yangu, na amesema binti wa watu afungwe kamba."

Nikaingia mimi. Nilisema nitaleta televisheni palepale uwanjani waone mwisho kwa macho yao, kiingilio juu yangu. Wakasema picha ile haitapita kwenye njia yao. Nikawasimulia mwisho wenyewe, kamba, dirisha, nesi anakwenda zake, mzee anabaki amekaa. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama mimi si yule niliyemuuzia koti nikamwapia kuwa halijavaliwa, na mfukoni akakuta leso ya mtu. Hoja zilikuwa zimebaki tatu lakini nilijua bei imeshashuka. Mzee Meinradi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na huzuni. Alisema polepole kwamba baba yake alikaa kigoda kile miaka mingi, hakuwahi kumfunga hata mbuzi wa mtu bila kuuliza, na sasa huko ziwani watoto wanamwita mtekaji. Akasema anayemchukua maiti na kumtumikisha ana jina lake, na jina hilo hataki kulitamka mbele ya chakula.

Ndipo Bibi Kolumba akasema kutoka kizingitini. Alisema Kimatengo, changu ni cha sokoni, naandika nilivyoelewa. Alisema wote wamesikia sauti hiyo kwa mdomo wa mvuvi, na mvuvi hajui kuimba wala kuiga, kwa hiyo hawajasikia kitu. Huyu kijana aseme mbele yao kama alivyosema huko. Wanaume wakatazamana. Mzee Meinradi akainamisha kichwa, na kwa mama yake hiyo ni ndiyo.

Gaudensi akakohoa mara mbili. Akavuta pumzi. "Polepole, wanangu. Neno halina miguu, halitatukimbia." Yule mzee wa koti, ambaye umri wake ulikuwa kama sabini, akaitika "Ee, baba," kisha akaziba mdomo. Mikono ya Bibi Kolumba ilisimama ndani ya ungo. Mzee Meinradi alikuwa akitazama ugali uliofunikwa kama vile hajui ni kitu gani. Kuku akapita katikati yetu akaenda zake.

"Sawa," akasema Bibi Kolumba. "Nimekaa na mtu huyo miaka arobaini na mmoja. Alikosea madogo na makubwa. Ng'ombe wangu niliyepewa na mama alimuuza, akaniambia kapotea, nikamtafuta porini siku mbili. Kila mtu hapa anajua. Hakuwahi kusema amekosa. Sasa kama yumo humo, aseme. Aseme tu, 'Kolumba, nimekosa.' Akisema, mjukuu wangu namtoa leo."

Nikamkanyaga Gaudensi mguu. Maneno mawili, Mola wangu, maneno mawili. Mtu huyu alikuwa ametunga vita vizima vya watu asiojua lugha yao, alikuwa amewasalisha majambazi rozari, amewafanya wapelelezi wa Ulaya waulizane bei ya mbolea. Nilimkanyaga tena. Akauondoa mguu. Alitazama ng'ambo ya uwanja, mahali palipokuwa na kanga, kisha akasema kwa sauti ambayo wengi wao walikuwa hawajaisikia, ndogo, ya yule mtu anayenyooshea chumvi kidole.

"Bibi, hilo siliwezi. La polepole nililisikia kwake nikalirudia. Hili sikulisikia kwake hata siku moja. Na lile la kamba hakulisema yeye, nilimsemea mimi. Hapo nimekosa. Nimekukosea wewe na nyumba hii. Sitamsemea la pili."

Nilifumba macho. Nilianza kupanga tutakavyoshuka mlima, nani atabeba nini, ingawa hatukuwa na mzigo. Nimekuwa mtu wa biashara miaka zaidi ya thelathini tangu siku ile, na bado sijaona mtu akipewa bei yake mkononi akairudisha namna ile. Nilimwona mjinga. Nakiri hapa, kwa kuwa wajukuu wake watasoma, kwamba nilimwona mjinga mkubwa.

Bibi Kolumba akaanza tena kuchambua maharage. Punje tatu, nne. "Ndiye," akasema. "Hata marehemu mwenyewe angekataa." Kisha mabega yake yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na alipocheka yeye jikoni nako kukacheka, mmoja akichelewa kidogo kuliko wengine. Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akamwambia mwanawe bila kumtazama, "Meinradi, huyu amesema nimekosa kabla ya ndoa. Mpeni mke upesi, kabla hajajifunza kuacha kulisema."

Mzee Meinradi akafunua ugali, mvuke ukapanda kati yetu, akausukuma kuelekea upande wa Gaudensi. "Kula, mkwe," akasema. Gaudensi akafungua mdomo amjibu, na hakikutoka kitu, si cha fundi, si cha mwanajeshi, si chake. Akanyoosha mkono, akamega.